Kikokotoo kimeiweka 8616460799 kwenye mabano. Ni namba tasa au kimechoka mapema?

#1 Mwalimu wa Jioni

Wakuu, habari za usiku.

Nafundisha tuisheni ya hesabu jioni, watoto mchanganyiko kuanzia darasa la sita mpaka kidato cha pili. Juzi tulikuwa kwenye vigawo tasa. Kijana mmoja wa kidato cha pili kaja na kikokotoo cha kaka yake, vile vya sayansi vyenye kitufe cha kuvunja namba. Unaandika 360, unabonyeza, kinakupa 2³ × 3² × 5. Darasa zima likahamia kwenye dawati lake, mimi nikabaki na ubao wangu.

Nikaona huyu lazima nimtafutie dawa. Kuna namba niliwahi kuiandika nyuma ya daftari nikiwa chuo, hata sikumbuki niliitoa wapi: 8616460799. Pembeni nimeandika "si tasa" na alama ya mshangao, basi. Nikamwambia vunja hiyo. Akabonyeza. Kikokotoo kikafikiri kidogo, kikarudisha namba ileile, ila safari hii imefungwa kwenye mabano: (8616460799).

Dogo akasimama. "Mwalimu, haivunjiki. Ni tasa."

"Si tasa."

"Haya, vigawo vyake ni vipi?"

Nikameza mate. Tumewekeana soda za darasa zima, watu 14, mwisho Jumamosi.

Nimeshaigawanya kwa mkono kwa namba tasa zote hadi 100. Imegoma kote. Kwa waliosahau tunavyofanya: unachora mstari wima, kushoto unaandika kigawo, kulia unashusha kinachobaki, kama ngazi. Mfano 1547. Kwa 2 haikubali, ni witiri. Kwa 3, jumla ya tarakimu ni 17, haikubali. Kwa 5 haikubali. Kwa 7 inakubali, inabaki 221. Unarudia 7 kwenye 221, haikubali. 11 haikubali. 13 inakubali, inabaki 17, na 17 ni tasa. Kwa hiyo 1547 = 7 × 13 × 17.

Na si lazima ufike mbali. Vigawo hutembea viwili viwili: kimoja kikiwa kikubwa mwenzake lazima awe mdogo. Vyote viwili vikizidi kipeuo cha pili cha namba, ukivizidisha vitaipita namba yenyewe. Kwa 1547 kipeuo ni 39 na ushee, kwa hiyo ukifika 37 bila kupata kitu unatangaza ni tasa na unakwenda kunywa chai.

Tatizo ni kwamba kipeuo cha pili cha huyu mkubwa ni 92824 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa karibu elfu tisa. Nikitumia dakika moja kwa kila moja bila kulala ni siku sita na zaidi. Jumamosi ni keshokutwa.

Mwenye njia anisaidie. Jibu peke yake sitaki, nataka njia ninayoweza kuisimamia ubaoni.

#2 Mzee wa Kona

Nimeona neno "kikokotoo" nikajua ni mafao ya wastaafu. Samahanini, natoka taratibu.

#3 Binti Mkwaju

Mwalimu shikamoo. Mimi mwanangu yuko darasa la sita na kila siku tunagombana kwenye meza ya kula. 51, 57 na 91 zinanidanganya, ukiziangalia zina sura ya utasa kabisa. Halafu kaniuliza kwa nini 1 si namba tasa wakati haigawanyiki kwa kingine chochote. Nikamwambia kaulize shule. Unajua tena.

#4 Mwalimu wa Jioni

Marahaba dada. 51 na 57 jumlisha tarakimu: 6 na 12. Zote zinagawanyika kwa 3, basi namba nazo zinagawanyika. 51 = 3 × 17, 57 = 3 × 19.

91 ndiyo mjanja wao. Kwa 7 kuna njia: tarakimu ya mwisho izidishe kwa 2, kisha itoe kwenye zilizobaki. 91 inakuwa 9 − 2 = 7, imekamatika: 7 × 13. Jaribu 1547: 154 − 14 = 140, nayo imekamatika. Kwa 11 unajumlisha tarakimu za kupishana na kulinganisha: 2816, 2 + 1 = 3, 8 + 6 = 14, tofauti ni 11, inakubali.

Kuhusu 1, mwambie hivi. Achore mti wa 12. Akianza na 3 × 4 au 2 × 6, majani ya mwisho ni yaleyale: 2, 2 na 3. Kila namba ina majani yake na hayabadiliki hata uanzie tawi gani. Sasa ukiiita 1 namba tasa, 12 itakuwa 2 × 2 × 3, au 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na mti hautaacha kuota. Tumeitoa 1 ili kila namba ibaki na orodha moja tu.

Na ukitaka heshima mezani, mwambie aandike namba yoyote ya tarakimu tatu halafu airudie, mfano 347347. Bila kuangalia mwambie inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Kurudia ni sawa na kuzidisha kwa 1001, na 1001 = 7 × 11 × 13. Watoto wangu walidhani nina majini.

#5 Fundi wa Vigae

Mimi shule niliishia la saba ila uzi huu umenigusa. Juzi nimepewa sebule ya mita 4.2 kwa mita 3.6. Mama mwenye nyumba anataka vigae vya mraba na hataki kuona kipande kilichokatwa hata kimoja. Nikapiga chini nikapiga juu, nikamwambia chukua vya 60 kwa 60. Vilikaa 7 upande mmoja na 6 upande mwingine, 42, kama vimezaliwa pale. Sasa nilipatia kwa uzoefu au kuna hesabu?

#6 Mwalimu wa Jioni

Fundi, hiyo ndiyo KKS yenyewe, Kigawo Kikubwa cha Shirika! Badili mita kuwa sentimita: 420 na 360.

420 = 2 × 2 × 3 × 5 × 7
360 = 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5

Chukua wanavyoshirikiana: 2, 2, 3 na 5. Zidisha: 60. Hakuna kigae kikubwa zaidi cha mraba kitakachoingia bila kukatwa. Ile 7 ya ziada ya 420 ndiyo vigae 7 vyako, na 2 × 3 zilizobaki kwenye 360 ndiyo vigae 6. Zile za 40 kwa 40 zingekuangusha, maana 40 inataka 2 tatu na 420 inazo mbili tu.

#7 Fundi wa Vigae

Duh. Kwa hiyo kuna kigae, kigawe na kigawo, na vyote vimo sebuleni. Ila Mwalimu usiwadanganye watoto wakaenda dukani na 42. Nilinunua 46, vitatu vilipasuka kwenye bodaboda.

#8 Mdudu wa Kompyuta

Mwalimu, soda usiitoe. Kikokotoo hakijasema namba ni tasa.

Vikokotoo vingi vya aina hiyo vinajaribu namba tasa za tarakimu moja, mbili na tatu tu. Ya mwisho ni 997. Zikiisha na bado kuna kipande kikubwa ambacho hakina uhakika nacho, kinakifunga kwenye mabano na kukurudishia. Mabano maana yake ni "mimi nimeishia hapa". Si cheti cha utasa.

Mpe dogo mtihani huu. Azidishe 1009 × 1013. Atapata 1022117. Namba zote mbili ni tasa za tarakimu nne. Halafu abonyeze kitufe cha kuvunja. Namba aliyoitengeneza mwenyewe sekunde kumi zilizopita itarudi kwenye mabano.

Namba yako nimeipitisha kwenye programu ya mistari sita. Inajaribu 2, kisha witiri zote, na inasimama kigawo kikizidi kipeuo cha pili. Haikumaliza hata sekunde. Kwenye Linux huna haja hata ya kuandika programu, kuna amri inaitwa factor, unaandika hiyo na namba basi. Jibu ninalo ila umesema hutaki, nimelifunga.

Kosa ambalo wanaoanza kuandika programu hizi hulifanya, nami nililifanya: wanaiacha ijaribu mpaka namba yenyewe badala ya kuishia kwenye kipeuo. Kwa hii ingekuwa kupanda mpaka bilioni nane na ushee badala ya kuishia elfu tisini na mbili. Laptop yangu iliunguruma kama mashine ya kusaga.

#9 Binti Mkwaju

Natoka nje ya mada kidogo. Hili neno "tasa" nani alilichagua? Tasa ni asiyezaa. Ila kwa ulivyoeleza, hizi ndizo zinazozaa namba zote: 12 imetoka kwa 2, 2 na 3. Wao ndio wazazi halafu tunawaita tasa!

#10 Mswahili wa Mwambao

Dada, nadhani aliyetafsiri alikuwa anatazama juu ya mti, kwamba ukiivunja namba haitoi watoto. Wewe unatazama kuanzia chini. Wote mko sawa.

Shufwa na witiri nazo ni za Kiarabu, "wash-shaf'i wal-watr" ya Suratul Fajr. Ndiyo hiyo witiri ya sala ya usiku, rakaa moja au tatu. Sisi huku Mombasa hesabu tumesoma kwa Kizungu tangu mwanzo, haya maneno ya KKS na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) nayasoma humu nikifurahi. Ila kipeo na kipeuo mtaniua. Herufi moja, na kimoja kinapandisha kingine kinashusha.

#11 Mnazi Mkavu

Mwalimu, namba yako ina kwao. Ni ya William Stanley Jevons, mchumi wa Kiingereza aliyefundisha Manchester. Mwaka 1874 alitoa kitabu kuhusu namna sayansi inavyofikiri, na humo akasema kuzidisha namba mbili ni rahisi, ila kurudi kinyumenyume kutafuta zilizozidishwa ni kazi ya aina nyingine kabisa. Kisha akatoa mfano: ni namba gani mbili zinazozaa 8616460799? Akaongeza kwamba hadhani kuna mtu zaidi yake atakayekuja kujua.

Mwaka 1903 Mmarekani Derrick Norman Lehmer akaivunja.

Sasa njia. Kwa mkono, bila majaribio elfu tisa, tumia ya Pierre de Fermat. Alikuwa mwanasheria Ufaransa, aliieleza mwaka 1643. Anza na 91 ya dada hapo juu. 7 na 13, katikati yao yupo 10, na kila mmoja yuko hatua 3 kutoka kwake. Basi 7 × 13 = 10² − 3², yaani 100 − 9. Geuza kibao: umepewa 91, hujui vigawo. Tafuta namba ya mraba iliyo juu yake tu: 100. Toa: 100 − 91 = 9. Hii 9 nayo ni mraba wa 3. Umemaliza, vigawo ni 10 − 3 na 10 + 3. Hukugawanya hata mara moja.

Mfano wake Fermat ulikuwa 2027651281. Alianzia 45030 akipanda moja moja, na akifika 45041 imefunguka: 44021 × 46061. Hatua 12.

Ya kwako anzia 92825. Sitasema ni hatua ngapi, ila kabla hujaanza kupanda, jiulize ni namba zipi haziwezi kabisa kuwa jibu. Mwaka 1996 Solomon Golomb alionyesha kwamba kwa ujanja wa namna hiyo mtu wa zama za Jevons angeivunja kwa karatasi na kalamu. Kwa hiyo Jevons alijiamini kupita kiasi.

#12 Kijana wa Chuo

Wakuu, mimi nilikutana na aibu yangu humu humu. Nilisoma kuhusu 2⁶⁷ − 1 nikataka kuijaribu kwenye programu ya majedwali, ile ya ofisini. Nikaandika 147573952589676412927, nikabonyeza. Ikaniletea namba inayoishia na sufuri sita. Nikashangilia, kumbe inagawanyika kwa 10! Nusura niandike makala. Mwenzangu akanionyesha kwamba programu inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazifuta kimyakimya na kuweka sufuri. Namba iliyobaki haikuwa namba yangu.

Hiyo namba ina kisa kitamu. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa. Lakini hakujua vigawo vyake, na kwa miaka 27 hakuna aliyevijua. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, Frank Nelson Cole akaitwa kutoa mada. Inasimuliwa kwamba alienda ubaoni bila kusema neno, akazidisha 2 mpaka kipeo cha 67 na kutoa 1. Akahamia upande wa pili, akazidisha 193707721 × 761838257287 kwa mkono, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakalingana. Akarudi kukaa. Ukumbi ukapiga makofi. Baadaye alipoulizwa ilimchukua muda gani, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

#13 Mzee wa Kona

Nimerudi, nilisahau kufunga mlango. Sasa huyu bwana Jumapili za miaka mitatu hakwenda kanisani wala hakutembelea wakwe. Faida yake ni nini hasa?

Na mtu anawezaje kujua namba si tasa bila kujua vigawo? Ni kama kusema mtu ana watoto ila hujui hata mmoja.

#14 Mdudu wa Kompyuta

Mzee, mfano wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Unaweza kuona nepi zimeanikwa nje ukajua kuna mtoto ndani, bila kumwona. Namba tasa zina tabia ambazo nyingine huzikosa. Chukua namba tasa yoyote, tuseme 7. Chagua namba isiyogawanyika kwa 7, tuseme 2, ipandishe kipeo cha 6, yaani 7 kasoro 1. Unapata 64, gawanya kwa 7, inabaki 1. Kwa namba tasa itabaki 1 daima, hii nayo ni ya Fermat. Fanya hivyo kwa 15: 2 kipeo cha 14 ni 16384, gawanya kwa 15, inabaki 4. Imejikaanga. 15 si tasa, na hatujagusa 3 wala 5. Kuna namba chache zinazoweza kukudanganya kwenye kipimo hiki, ndiyo maana kompyuta zinatumia kilichoboreshwa.

Faida ipo hapohapo kwenye pengo hilo. Kujua kama namba ni tasa au la ni kazi nyepesi kwa kompyuta, hata ikiwa na mamia ya tarakimu. Kuivunja ndiyo inaua. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakiwa Massachusetts walitengeneza kufuli kutokana na hilo. Unachukua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, unatangaza jibu kwa dunia nzima. Yeyote anaweza kukufungia ujumbe kwa jibu hilo, ila kuufungua kunataka zile mbili. Jina lake ni RSA, herufi za majina yao, na bado inafanya kazi kwenye sehemu nyingi za intaneti mnayotumia kusoma uzi huu.

Mwaka huohuo walitoa namba ya tarakimu 129 kwenye gazeti la sayansi, zawadi dola 100 kwa atakayeivunja na kusoma ujumbe uliofungwa. Ilikaa miaka 17. Mwaka 1994 watu wa kujitolea kama 600 waligawana kazi kwa intaneti, kompyuta zao zikahangaika miezi kama minane, ikafunguka. Ujumbe wenyewe ulikuwa maneno ya kipuuzi yanayomtaja ndege mmoja wa jamii ya tumbusi. Mwaka 2020 ikavunjwa ya tarakimu 250. Za kawaida zinazotumika leo zina tarakimu 617, na hakuna aliyetangaza kuivunja hata moja iliyotengenezwa vizuri.

Kabla hamjaniuliza kuhusu kompyuta za kwanta: ndiyo, Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta ya aina hiyo ikiwa kubwa ingezivunja. Mwaka 2001 iliyokuwepo iliweza 15. Wakasema 3 × 5.

#15 Mzee wa Kona

Hiyo ya 15 hata mimi ningewafanyia kwa nusu bei.

#16 Mwalimu wa Jioni

Wakuu, nimerudi kutoka darasani. Naandika yote maana ninyi ndio mmenivusha.

Nilianza na 1009 × 1013 kama Mdudu alivyosema. Dogo akabonyeza, mabano yakatokea. Akakunja uso, akaniambia, "Sawa, lakini bado hujanionyesha vigawo." Haki yake. Mimi nilikuwa kama Lucas, najua na sijui.

Nikawaonyesha 91 kwa njia ya Fermat, kisha nikaandika juu ya ubao: tunatafuta A, ambayo A² ukitoa 8616460799 inabaki namba nyingine ya mraba. Kipeuo ni 92824 na ushee, tunaanzia 92825. Wakaanza kulia kwamba tutapanda mpaka usiku. Nikasema subirini, tuwafukuze wasiohusika kwanza.

Kwa 3. Nikawaambia waandike namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25, 36, na mabaki yake kwa 3. Ikaja 1, 1, 0, 1, 1, 0. Mraba haubakizi 2 hata siku moja. Namba yetu jumla ya tarakimu ni 56, inabakiza 2. Kama A² ingebakiza 1, ukitoa 2 inakuwa pungufu ya moja, yaani baki ni 2, na hilo haliruhusiwi. Kwa hiyo A² inabakiza 0. A inagawanyika kwa 3. Theluthi mbili ya kazi imeondoka.

Kwa 8. Mraba ukigawanya kwa 8 unabakiza 0, 1 au 4 tu. Namba yetu, tarakimu tatu za mwisho 799, inabakiza 7. Toa 7 kwenye kila moja ukizungushia 8: 0 inatoa 1, sawa. 1 inatoa 2, hapana. 4 inatoa 5, hapana. Imebaki 0 peke yake, na hiyo inataka A igawanyike kwa 4.

Kwa 3 na kwa 4, basi A ni kigawe cha 12. Kuanzia 92825 kwenda juu vigawe vya 12 ni 92832, 92844, 92856, 92868, 92880. Nikaishia hapo kwanza, ubao ulikuwa umejaa.

Sasa kuna binti wa darasa la sita, hazungumzi sana, anakaa karibu na dirisha. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, 92844 futa. 4 mara 4 ni 16, inaishia na 6. Yetu inaishia na 9. 16 toa 9 ni 7. Hakuna mraba unaoishia na 7." Nikasimama na chaki mkononi. Akaongeza: "Na 92856 futa, 6 mara 6 ni 36." Walioshika kikokotoo walikuwa bado wanatafuta kitufe.

Tukabaki na tatu.

92832: mraba wake ni 8617780224. Toa namba yetu, inabaki 1319425. 1148² ni 1317904 na 1149² ni 1320201. Imepita katikati. Hapana.

92868: mraba 8624465424, inabaki 8004625. 2829² ni 8003241, 2830² ni 8008900. Hapana. Hapa kuna waliokata tamaa, mmoja akauliza soda zitakuwa za baridi.

92880: mraba 8626694400. Inabaki 10233601.

Nilijua kabla hatujapiga kipeuo, kwa jinsi inavyoishia na 01 na iko chini kidogo ya 10240000, ambayo ni 3200². 3199² = 10240000 − 6400 + 1. Ndiyo yenyewe.

92880 − 3199 = 89681.
92880 + 3199 = 96079.

Nikamwachia dogo azidishe kwa mkono ubaoni kama Cole, darasa likiwa kimya. Alikosea kubeba mara moja, wakamzomea, akarudia. 8616460799. Kutoka majaribio elfu tisa tumefanya matatu.

Nikawaambia ukweli pia: tumeponea kwa sababu namba hizi mbili ni jirani, kama mtu na pacha wake. Angechagua moja ndogo na nyingine kubwa sana, Fermat angetutembeza mwaka. Ndiyo maana wanaotengeneza zile kufuli za RSA wanakwepa namba mbili zinazokaribiana.

Soda analipa dogo, ila kwa kuwa ni mwanafunzi tumegawana nusu kwa nusu. Kabla hajaondoka alikaa peke yake na kikokotoo. Akaandika 89681 × 96079, jibu likaja papo hapo. Akabonyeza kile kitufe. Mabano.

#17 Fundi wa Vigae

Hongera Mwalimu. Sasa nisaidie, leo nimepata chumba cha sentimita 410 kwa 370. Mama ni yuleyule, vipande hataki.

#18 Mwalimu wa Jioni

410 = 2 × 5 × 41. 370 = 2 × 5 × 37. Wanashirikiana 10 tu. Utahitaji vigae vya sentimita 10 kwa 10, vipatavyo 1517.

Fundi, mwambie mama vipande vitakuwepo.